Catherine Kasavuli: Mtangazaji Aliyeanza Kazi Akiwa na Miaka 18

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitale na Bungoma: vijana wanaotamani kazi ya utangazaji, wazazi wao, na wahudumu wa afya ya jamii



Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu mmoja, Catherine Kasavuli. Waliotimiza miaka arobaini na kuendelea hawahitaji kuelezwa alikuwa nani. Sauti yake waliisikia redioni na uso wake wakauona katika runinga. Vijana huenda wanalijua jina tu, na wengine walilisikia mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, magazeti yalipotangaza kwamba amefariki.

Maisha yake yana pande mbili zinazowahusu watu wa huku. Upande wa kwanza ni kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana wa miaka 18 hadi akawa mtu mzima wa karibu miaka 60. Upande wa pili ni ugonjwa uliomwondoa, yaani saratani ya mlango wa kizazi. Kazi yake husifiwa hadharani. Ugonjwa wake hutajwa kwa kunong'ona, na wengine hawautaji kabisa. Leo yote mawili yatasemwa kwa sauti ileile, maana katika kaunti hizi mbili kuna mabinti wanaotaka kuwa kama yeye, na kuna mama zao ambao hawajawahi kupimwa.

Kasavuli alizaliwa mwaka 1962. Watu wake ni wa Vihiga, majirani zetu. Ukishuka kutoka Webuye ukapita Kakamega, huchukui muda kufika kwao. Mwaka 1980, punde baada ya shule, alijiunga na Sauti ya Kenya akiwa mtangazaji wa redio katika idhaa ya Kiingereza, iliyojulikana wakati ule kama General Service.

Vijana wa leo, wenye vituo vingi kuliko vidole vya mikono na miguu, itabidi wafikirie kidogo Kenya ya mwaka 1980. Redio ilikuwa ya serikali na runinga ilikuwa ya serikali. Hapakuwa na kituo kingine cha Kenya cha kugeukia. Mkulima wa Kiminini au wa Chwele aliweka redio yake dirishani, na betri zilipochoka alizianika juani ili zipate nguvu kidogo za kumfikisha kwenye taarifa ya jioni. Habari za mvua, bei za mazao, mabadiliko serikalini na matangazo ya vifo, yote yalitoka mlango mmoja. Kwa hiyo yeyote aliyeketi mbele ya kipaza sauti kile alisikilizwa na nchi nzima kwa wakati mmoja, na kosa lake lilisikika na nchi nzima vilevile.

Kazi aliyopewa msichana yule ilikuwa ya kuunganisha vipindi. Ni kazi ambayo msikilizaji haioni. Kipindi kimoja kikiisha, mtangazaji anataja saa, anataja idhaa, anaeleza kinachofuata, na kama kanda ya kipindi haijafika au imekatika, anajaza nafasi hiyo kwa maneno au muziki hadi mambo yatengemae. Haruhusiwi kunyamaza, maana redio ikinyamaza msikilizaji hudhani imekufa na huizima. Haruhusiwi pia kuropoka. Mtu anayeshinda katika kazi hiyo hujifunza mambo matatu ambayo hakuna shule inayoyafundisha haraka: kufika kabla ya wakati, kuisoma karatasi kabla ya kuisoma hewani, na kuuficha wasiwasi usipenye kwenye sauti. Wengi wanaotamani utangazaji leo wanautamani kuanzia ule mwisho, wa kujulikana. Kasavuli aliuanza mwanzoni, mahali ambapo sauti yako inajulikana lakini ukipita sokoni hakuna anayegeuka.

Miaka miwili baada ya kuajiriwa kwake, taifa zima lilikumbushwa uzito wa chumba kile cha matangazo. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali walikimbilia kituo cha Sauti ya Kenya, wakamchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Siku hiyohiyo jeshi lililobaki tiifu lilikikomboa kituo, na tangazo la pili likafuata, kwamba serikali ipo. Wakati ule sauti moja ilitosha kuwafungia watu nyumbani au kuwatoa. Watangazaji vijana wa kizazi cha Kasavuli walikulia chini ya uzito huo. Ndiyo maana ukiwasikiliza hadi leo, utagundua kwamba hawana haraka ya kusema jambo.

Mwaka 1985 alivuka kutoka redio kwenda runinga. Wengine hudhani huko ni kupanda cheo tu, lakini ni kazi nyingine kabisa. Redioni mtangazaji ana sauti peke yake, na akikuna kichwa hakuna anayejua. Katika runinga, jicho likitoroka kutafuta mstari uliopotea, mtazamaji wa Sirisia analiona. Habari ya msiba haiwezi kusomwa na uso ulioachwa na kicheko cha habari iliyotangulia. Na kwa mwanamke wa miaka ile kulikuwa na mzigo wa ziada. Watu walimpima kwa nywele na nguo kwanza, kisha ndipo wakasikia alichokuwa akisema. Kasavuli aliubeba mzigo huo kwa namna ambayo wengi waliiga baadaye: alivaa nadhifu, alikaa wima, alitamka kila neno hadi herufi yake ya mwisho, halafu akaiacha habari yenyewe iwe ndiyo mgeni wa heshima.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye suala la matamshi, kwa sababu linawagusa watu wa huku. Kila mkazi wa Trans Nzoia au Bungoma amewahi kusikia jina la mahali pake likivunjwa vipande na mtangazaji kutoka mbali. Nang'eni inapoteza ile ng' yake, Cherangany inapigwa mkazo mahali pasipostahili, Endebess na Cheptais zinasomwa kama majina ya Ulaya. Watu hucheka, lakini si jambo dogo. Mtu ambaye kijiji chake kimepatwa na maporomoko au wizi wa mifugo, kisha asikie jina la kijiji hicho limeharibiwa, huona kwamba hata shida yake imesomwa kwa haraka. Watangazaji wa shule ya zamani walikuwa na desturi ya kuuliza. Walimtafuta mtu wa eneo hilo, wakamwomba alitamke jina, wakaandika alama juu ya karatasi. Kijana wa Kitale anayejua Kiswahili, Kiingereza, Lubukusu na Kisabaot, hata kwa kubahatisha, ana mali ambayo studio za Nairobi hazina. Asiione haya.

Mwaka 1989 Sauti ya Kenya ilibadilishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mwaka uliofuata, Machi 1990, likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea nchini: kituo cha runinga kisichokuwa cha serikali, KTN. Kasavuli alihamia huko kikiwa bado kichanga, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma habari moja kwa moja hewani katika kituo hicho. Alikaa huko hadi mwaka 2007. Miaka kumi na saba ni muda ambao mtoto huzaliwa, akasoma, akakaribia kumaliza sekondari. Kuna watu wazima leo ambao utoto wao wote ulikuwa na uso huohuo wa saa ya habari.

Lakini ukweli usemwe. Hao hawakuwa watoto wa huku. KTN ilipoanza, mawimbi yake yalifika Nairobi na viunga vyake tu. Mkazi wa Kitale au Bungoma aliyemzoea Kasavuli kutoka redio na runinga ya serikali alimpoteza ghafla, kana kwamba amehama nchi. Aliyetaka kumwona ilimpasa awe na jamaa Nairobi wa kumtembelea. Ni baada ya miaka kadhaa, vituo vya binafsi vilipoongezeka na mitambo yao kusogea magharibi, ndipo watu wa huku wakakutana naye tena. Hata hapo, nyumba nyingi zilitazama runinga kwa betri ya gari iliyopelekwa kituoni kuchajiwa, na betri ikianza kuchoka picha ilijikunja pande zote hadi msomaji wa habari akabaki mwembamba katikati ya kioo. Walioyaona hayo wanajua, na wanaweza kuwaeleza watoto wao wakicheka.

Mwaka 2007 alihamia Citizen, chini ya Royal Media Services, ambako aliendelea kusoma habari na pia alishughulikia uhusiano wa kampuni na umma. Mwaka 2015 alistaafu. Hesabu inaonyesha miaka thelathini na mitano tangu siku ile ya kwanza Sauti ya Kenya. Wengi wangesema inatosha. Hata hivyo mwaka 2021 KBC ilipokuwa ikijitengeneza upya, ilimwita yeye na wenzake wa zamani, akiwemo Badi Muhsin, kusoma habari katika toleo lililoitwa la magwiji. Akarudi mahali alipoanzia. Watu wazima walikusanyika mbele ya runinga kama wanaopokea jamaa, na vijana wakauliza, huyu mama ni nani anayesoma polepole hivi na kila neno linasikika?

Swali hilo ni zuri kwa vijana waliopo hapa. Wakati wa Kasavuli njia ya kufika hewani ilikuwa moja, nayo ilipita Nairobi. Sasa Bungoma ina West FM. Sulwe FM inatangaza kwa Lubukusu na inasikika hadi ng'ambo ya Nzoia. Kitale nako kuna studio. Kijana akiwa na simu anaweza kurekodi mazungumzo sokoni asubuhi na mchana yakasikika mbali. Mlango umepanuka, ila upana huo umeleta wengi wanaoingia bila kupangusa miguu. Kelele zimekuwa nyingi, mizaha ya kuwadhalilisha watu imekuwa kipindi, na habari isiyohakikishwa inasomwa kwa ujasiri ileile saa ambayo mwenye kuihakikisha bado anapiga simu. Anayetaka kudumu kama alivyodumu yule mama hana budi kuijua kazi yenyewe: asome gazeti kwa sauti nyumbani kila siku, ajirekodi na kujisikiliza hata kama inaudhi, ajifunze kuandika sentensi fupi inayosemeka kwa pumzi moja, na aombe nafasi ya kujifunza katika kituo kilicho karibu hata kama kazi ya kwanza ni kupanga kanda na kupokea simu za wasikilizaji. Mzazi naye asimwambie binti yake kwamba utangazaji ni kazi ya watu waliokosa kazi. Catherine Kasavuli aliifanya hadi akaheshimiwa na marais na wauza mboga kwa kiwango kimoja.

Sasa tugeukie upande wa pili.

Mnamo Oktoba 2022 ilijulikana kwamba Kasavuli amelazwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na anahitaji damu. Ombi lilitolewa hadharani, Wakenya wenye afya wajitokeze kumchangia. Mtu aliyezoea kusoma maombi ya wengine hewani, sasa ombi lilikuwa lake. Wapo waliokwenda. Usiku wa Alhamisi, tarehe 29 Desemba 2022, alifariki akiwa na umri wa miaka 60, na Januari 2023 akazikwa Vihiga. Ilielezwa waziwazi kwamba alikuwa akiugua saratani ya mlango wa kizazi.

Historia yake ya matibabu ni yake na jamaa zake, na hakuna sababu ya kuichokonoa. Lililo letu ni ugonjwa wenyewe, kwa sababu uko hapa pia.

Kwanza, damu. Anayevuja damu kwa sababu ya saratani hii, mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, wote wanatumia benki moja ya damu. Nchini Kenya sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi wa shule na vyuo. Kwa hiyo shule zikifungwa, benki ya damu nayo hukauka, na Desemba ndiyo mbaya zaidi, mwezi wa safari na ajali barabarani. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa damu. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Wakulima hawafungi shule. Likizo ya Desemba, mahindi yakiwa yamevunwa na mtu anapumua kidogo, ndio wakati unaofaa kwenda.

Pili, saratani yenyewe. Nchini Kenya ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 3,000. Ukigawanya, ni wanawake wanane au zaidi kila siku. Fikiria matatu ya abiria kumi na wanne inayotoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kamukuywa na Webuye. Kila siku mbili, abiria wote wa matatu moja, na bado wengine wamebaki stendi.

Kinachouma zaidi ni kwamba hii ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa. Karibu visa vyote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo hupita kwa kujamiiana. Watu wengi sana walio hai wamewahi kuvipata bila kujua, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa hiyo kuwa navyo si ushahidi wa tabia mbaya. Mwanamke aliyeolewa akiwa bikira na hajawahi kutoka nje ya ndoa anaweza kuvipata. Maneno ya aibu yanayosemwa kuhusu ugonjwa huu vijijini hayana msingi, na yanawafungia akina mama ndani hadi siku ambayo dawa haifai tena.

Virusi vikikataa kutoka, chembechembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kufika saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari karibu mara sita zaidi ya wengine. Katika miaka yote hiyo mwanamke hahisi kitu. Hakuna maumivu, hakuna homa, anapalilia na kukama ng'ombe kama kawaida. Akisubiri dalili, yaani damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu, maumivu ya kiuno yasiyoisha, huenda amechelewa. Dalili hizo zikionekana asingoje siku ya soko ipite. Aende.

Kupimwa kwenyewe ni jambo la dakika chache. Njia inayotumika sana katika vituo vyetu ni ya kupaka asidi isiyo kali, ya jamii ya siki ya jikoni. Mhudumu anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia. Panapogeuka peupe ndipo penye shida. Mara nyingi sehemu hiyo inaweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, bila kulazwa, na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ipo pia njia ya kupima virusi vyenyewe, ambapo katika vituo vingine mama huchukua sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, bila kuvuliwa na mtu. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 ndio walengwa wakuu. Wanaoishi na VVU hupimwa mara nyingi zaidi.

Sababu zinazotolewa za kutokwenda zinajulikana. Mama anaogopa kuvua nguo mbele ya kijana aliyesoma na mwanawe. Aombe mhudumu wa kike, ana haki hiyo. Mama anasema mume hajamruhusu. Wazee mliopo hapa, hili linawahusu ninyi: mwanamume anayempeleka ng'ombe wake kwenye josho kwa tarehe asimwekee mkewe kizuizi cha zahanati. Mama anasema nauli hakuna. Hapo wahudumu wa afya ya jamii wana kazi ya kufanya, kuunganisha akina mama wa kijiji siku moja na kufahamu mapema ni lini kituo kilicho karibu kina mhudumu na vifaa, ili mtu asitembee kutoka Saboti au Kopsiro akute mlango umefungwa. Huo ni ukosoaji wa haki, na ofisi zinazohusika zinapaswa kuusikia: mama anayerudishwa mara moja harudi tena.

Tatu, mabinti. Tangu Oktoba 2019 serikali inatoa chanjo ya HPV bila malipo kwa wasichana kuanzia miaka 10. Inatolewa mapema kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla binti hajakutana na virusi. Kumchanja si kumpa ruhusa ya chochote, kama vile kumchanja mtoto dhidi ya pepopunda si kumruhusu kukanyaga misumari. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga uzazi ulisambaa sana huku, makanisani na katika makundi ya simu. Chanjo haina virusi hai na haigusi uzazi. Mamilioni ya wasichana wameipata duniani kwa zaidi ya miaka 15, na wengi wao sasa ni akina mama. Binti aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akikua, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo.

Binti wa miaka kumi wa Kwanza au Bumula, anayesoma habari za gwaride shuleni kwa sauti inayofika hadi uzio, ndiye hasa anayezungumziwa hapa. Anaweza kuwa hewani miaka minane ijayo, kama yule wa mwaka 1980.

Anayetaka kupimwa au kumchanja binti yake aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aulize kliniki ya mama na mtoto. Kitale kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Bungoma vivyo hivyo, na Webuye kuna hospitali ya kaunti. Anayehitaji matibabu makubwa ya saratani hupewa barua ya rufaa, na hospitali ya Moi mjini Eldoret ndiyo iliyo karibu zaidi kuliko Nairobi. Aende na kitambulisho, daftari la kliniki kama analo, na cheti cha kuzaliwa cha binti au barua ya shule. Asiwe katika siku zake za hedhi siku ya kupimwa. Majibu ya kipimo cha siki hutolewa palepale, kabla hajavaa viatu.